Chumba cha Joto Ulichokikataa

Bibi Popo,

Najua hukuwahi kujifunza kusoma Kiswahili. Hata ulipokisikia hukukielewa, ila ulikaa miaka yote ile kwenye kiti chako cha plastiki, ukimenya machungwa, ukaniacha niseme. Mimi nilisema lugha ya kwetu, wewe ukajibu kwa Kikantoni chako, hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyetaka kuondoka mapema. Basi leo nakuandikia hivyo hivyo. Nikijaribu Kichina nitakukosea heshima. Kichina changu ni cha soko la Zhanxi: naweza kukataa bei, naweza kumbembeleza bosi wa duka apunguze, naweza kuuliza kama kuna sweta la mtoto wa darasa la kwanza. Siwezi kusema nimefiwa.

Nimefiwa, Bibi. Na hapa hakuna anayelijua hilo. Mfiwa ni mwanao, na wajukuu, na wale wanawake uliokuwa ukifanya nao mazoezi uwanjani asubuhi. Nani atampa pole Jesca Sanga, muuza masweta kutoka Makete, kwa ajili ya bibi wa Kichina wa ghorofa ya tano?

Nianze na habari za nyumba. Kwako wamepanga vijana wanaopeleka chakula kwa pikipiki za umeme. Hawana neno. Zile karatasi zako nyekundu za baraka za mlangoni wameziacha, sijui kwa heshima au kwa uvivu. Helmeti zao zimejaa dirishani, pale ulipokuwa ukianika maganda ya machungwa. Mwanzoni nilipopita hapo nikiteremka nilikuwa nageuza uso. Sasa nawasalimia.

Mtaa wenyewe ni ule ule na si ule ule. Dengfeng bado kuna watu, bado wanauza simu na kubadilisha fedha na kuvutana mikono, lakini wetu wamepungua. Yule dada wa Mbeya aliyekuwa akiniletea unga wa sembe amerudi nyumbani moja kwa moja. Mgahawa tulimokuwa tukikutana Jumapili umekuwa duka la mabegi. Nikipiga simu Makete wananiuliza kontena limefika wapi. Nawaambia limetoka bandari ya Huangpu, liko baharini. Wanashukuru, wanakata. Hawana ubaya, wana haraka zao. Ila kuna siku nilitambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema neno lolote ambalo halihusu mzigo.

Unakumbuka tulivyokutana? Nataka nikusimulie, maana ulinisikia nikisimulia mengi ila hili sikulisema kamwe.

Mimi ni mtu wa baridi. Kwetu Makete mwezi wa sita na wa saba umande unaganda juu ya nyasi, ukikanyaga asubuhi unasikia zinavunjika kama maganda ya mayai. Wenzangu wa Dar na Tanga waliponunua majaketi mazito hapa Guangzhou niliwacheka. Nikasema, baridi gani hii, hata barafu haina. Lakini baridi ya kwetu inakaa nje, Bibi. Ukiingia jikoni unaiacha mlangoni, unakuta moto na watu wameuzunguka. Ya hapa ina maji ndani yake. Inaingia na wewe, inatangulia kitandani, kuta zinatoka jasho, mashuka yana unyevu, na nyumba hazina moto wowote kwa sababu mji huu unajihesabu kuwa mji wa joto. Majira yale ya kwanza nilikaa kwenye ngazi nimeshika funguo na vidole vimekataa kuzigeuza.

Ukatokea wewe unapandisha mboga zako. Ukaniangalia. Ukashika vidole vyangu, ukavibinya kama mtu anayepima maparachichi, ukasema "Hou dung!" kwa hasira, kana kwamba nimefanya kosa. Hilo ndilo neno la kwanza la Kikantoni nililojifunza: baridi sana. Ukanivuta kwa mkono wa jaketi hadi kwako. Ukanikalisha, ukanivua soksi bila kuniuliza, ukaingiza miguu yangu kwenye beseni la maji ya moto. Ukanipa kikombe cha tangawizi iliyochemshwa na sukari nyeusi. Nilikunywa huku machozi yakinitoka, wewe ukadhani ni tangawizi, ukaongeza sukari.

Na jina lako! Mtoto wa jirani alipita akakuita "Popo". Kwetu popo ni yule anayening'inia darini kichwa chini. Nikadhani anakutukana, nikamkazia macho mpaka akakimbia. Baadaye nikaambiwa kwamba ndivyo wajukuu wanavyomwita mama wa mama. Mdomo wangu ukakataa kumwita mtu mzima popo hivi hivi, nikatanguliza Bibi. Bibi Popo. Yaani Bibi Bibi. Nawe ukaniita A-Mui, nami nikadhani kwamba jina Jesca limekushinda.

Ulinifundisha kukaa na baridi ya mji huu. Ulinifundisha kuvaa nguo nyembamba nyingi badala ya nene moja, kufunika shingo na kiuno, kutokulala na soksi zilizolowa. Lile la dirisha la bafuni nalo! Ule mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ulikuwa umefungwa ukutani kwangu kama ulivyokuwa kwako, nami baridi ilipozidi nikawa nafunga dirisha nikioga. Siku uliyogundua ulipanda juu ukiwa na ndala, ukanyooshea kidole mtambo, kisha ukafumba macho, ukatoa ulimi pembeni, ukajiachia ukutani kama maiti. Nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ukalifungua dirisha, ukaliwekea kipande cha mti lisifungike. Tangu siku hiyo nikioga nasikia unakohoa chini kwa makusudi, mpaka na mimi nikohoe. Ndipo unaendelea na mambo yako.

Na juu yangu, ghorofa ya saba, Mzee Leung. Mungu wangu, nyinyi wawili. Nguo zake zilikudondoshea maji, wewe ukamtukana kupitia dirishani, yeye akajibu, na maneno yote yakapita mbele ya dirisha langu yakipanda na kushuka. Nilikuwa kati yenu kama nyama ndani ya sambusa. Mimi naye hatukusalimiana. Nikikaanga dagaa, alikuwa anashuka kunigongea, anaziba pua, anapunga mkono usoni, anapanda tena. Nilimwita Bwana Pua.

Sasa nifike pale. Nimepazunguka vya kutosha.

Ile wiki ya baridi kali, simu zetu zililia zote kwa pamoja na tangazo la serikali. Wakafungua ukumbi wa mtaa, ule wenye meza za mpira wa meza, wakaweka mahita, maji ya moto, vitanda vya kukunja na mablanketi, mtu yeyote asiye na joto aende. A-Lan, yule msichana wa vesti nyekundu anayejitolea pale mtaani, alikuja kukuchukua. Nilikuwepo. Mlisemezana sana. Wewe ukakunja mikono, ukatikisa kichwa, ukamrudisha mlangoni. A-Lan anajua Kiingereza, nikamuuliza umesemaje. Akanitafsiria: "Anasema ana nyumba yake, ana blanketi lake. Hawezi kwenda kukaa kule kama mtu aliyetupwa."

Nilikuelewa, Bibi. Hata mama yangu angesema hivyo. Nikakuchemshia maji, nikakujazia ule mfuko wa mpira, nikakuwekea tumboni. Kesho yake nikaondoka kwenda bandarini, maana ejenti alisema mzigo wangu umezuiwa kwa ajili ya karatasi, nikabaki huko hadi ukaachiwa.

Niliporudi, viatu vya wanaume vilikuwa vimejaa mlangoni kwako. Nikafurahi! Nikasema, leo Bibi ana wageni. Nilikuwa nimekununulia ndizi.

Wakaniambia ni moyo. Daktari alisema watu wazima wengi huondoka hivyo siku za baridi, moyo unachoka kusukuma. Ulikutwa kitini, umevaa jaketi lako la kitambaa cha maua. Nani alikukuta? Mzee Leung. Hukuwa umemtukana tangu asubuhi, akashangaa, akashuka.

Kwenye msiba nilisimama nyuma. Sikujua kama nilie au nisilie, kwa sababu kwetu tungelia kwa sauti, tungelala chini sebuleni siku nyingi, na pale watu walikuwa wakiinama tu, wakinyamaza. Mwanao aliyetoka Shenzhen alinipa kipakiti cheupe. Ndani kulikuwa na peremende. A-Lan akanieleza kwamba ndiyo desturi, niile kabla sijafika nyumbani, ili uchungu usinifuate ndani. Niliila kwenye ngazi. Ilikuwa tamu sana. Nikakasirika. Nikalia kwa hasira, kwa nini ni tamu.

Majivu yako walikwenda nayo. Sikuambiwa wapi, na sikujua namna ya kuuliza. Kwa hiyo sina kaburi la kupalilia wala la kuwekea ua. Nina ghorofa ya tano tu.

Halafu mwaka ukapita. Sijui nikuelezeje mwaka huo. Nilikuwa nikirudi kutoka Zhanxi na mifuko begani, nafika kwenye mlango wako, mdomo unafunguka wenyewe kusema "Bibi, leo wamenichosha," kisha unafumba. Nilianza kuzungumza na sufuria. Nilinunua redio, lakini redio hainigombezi.

Baridi ikarudi. Simu zikalia. Ukumbi ukafunguliwa. A-Lan akapita mlango kwa mlango kama mwaka ule, akafika kwangu, akaniambia, Jesca, njoo, kuna chai, kuna watu. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asante, nina nyumba yangu. Nilijisikia nikisema maneno yako. Sikwenda. Niliona kwenda kule ni kutangaza mbele ya mtaa mzima kwamba huyu mwanamke hana mtu.

Alasiri moja nililoa mvua sokoni hadi mifupani. Kule kibarazani nilikuwa na jiko langu la mkaa, lile la kuchomea samaki. Nikaliwasha. Nikaota moto kidogo pale nje, upepo ukanitesa, nikaangalia makaa yamekuwa mekundu vizuri, hayana moshi hata chembe. Bibi, mimi ni mtoto wa Makete. Jiko la namna hiyo sisi tunaliita mbaula. Kila mwaka kwetu inatangazwa kanisani, fulani na mkewe hawakuamka, waliingiza mbaula. Mama yetu hakutuacha tulale kabla hajaitoa nje kwa mikono yake. Ninajua. Ninajua kwamba mkaa ukishaacha moshi ndipo unapodanganya. Na bado nililibeba nikaliingiza ndani, nikafunga mlango wa kibaraza, nikaziba chini ya mlango na taulo kwa sababu upepo ulikuwa unapita. Nikajiambia, nikipata joto kidogo nalitoa.

Lilinipa joto tamu. Nilikaa mbele yake nimenyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke chumba changu kilikuwa kama jikoni kwetu. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni njaa. Nikataka kusimama nipike, nikaona afadhali nijilaze kidogo. Nilikuwa na usingizi mzuri, Bibi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ulikuwa mzuri.

Nikasikia mlango unagongwa. Nikajua ni Bwana Pua. Nikasema moyoni, leo sijakaanga dagaa, aniache. Akagonga. Akaupiga teke. "Hoi mun! Hoi mun!" Hilo nalijua, ndilo ulilokuwa ukiniambia kila siku: fungua mlango. Nikataka kumjibu aende zake na ulimi haukugeuka. Nikateremka kitandani, miguu ikawa si yangu. Nikatapika. Nadhani hasira ndiyo iliyonifikisha mlangoni, nilitaka kumtukana kwa Kikinga cha kwetu Makete, atukanike vizuri. Nikavuta komeo, nikaanguka juu ya viatu vyake.

Mengine nilisimuliwa. Alikuja kulalamika, Bibi. Harufu ya mkaa ilikuwa imepanda kwake kupitia bafuni, akashuka kunigombeza kama kawaida. Aliponiona alinishika kola ya jaketi akaniburuta hadi kwenye ngazi, mzee yule, na mgongo wake ule. Akaingia ndani ameziba mdomo kwa mkono wa sweta, akafungua madirisha yote, akalitoa jiko. Akapiga kelele. Wale vijana wa nyumba yako walikuwa wanakula, wakaacha bakuli. Mmoja alinibeba mgongoni ngazi zote zile hadi chini, wengine wakakimbia mbele kusimamisha gari. Kwako ndiko kulikotoka watu wa kunibeba.

Hospitalini walinivalisha kinyago cha hewa. Daktari alikuwa mpole, lakini alisema jambo moja ambalo A-Lan alilitafsiri akiwa ameangalia dirishani: ningelala zaidi kidogo, nisingeamka. Nilipogeuza kichwa nikamwona Mzee Leung amekaa kwenye benchi la korido, amekunja uso, ana ndala miguuni na baridi yote ile. Aliponiona nimefumbua macho akaanza kunigombeza. Alinigombeza kwa muda mrefu. Nesi akamwambia apunguze sauti, akapunguza, akaendelea. Sikuelewa hata neno moja, na nililala nikimsikiliza, na sikutaka amalize.

Waliponiruhusu, A-Lan alisema nyumba yangu iachwe wazi ipitishe hewa, na mimi niende ukumbini, hakuna mjadala. Nikamuuliza kwanza kama kule wataomba pasi. Akacheka, akasema wanaomba watu wavue viatu vilivyolowa tu. Mzee Leung naye akaja. Alikuwa hajawahi kuingia, alisema yeye hana baridi, ila lazima mtu aangalie huyu mwendawazimu asiwashe moto tena.

Basi nikakiona chumba ulichokikataa.

Ningependa ungekiona. Si mahali pa watu waliotupwa. Meza za mchezo zimesukumwa ukutani, katikati kuna mahita, kila mtu amevuta kiti. Kulikuwa na mama anayeokota maboksi, amelala na kofia usoni. Kulikuwa na mume na mke wazee wanaosikiliza opera kwenye redio moja, wameitega katikati yao. Kulikuwa na wanafunzi wawili Wakongo wanaokoroga Kifaransa na Kiswahili, hosteli yao haina joto, wamekuja na vitabu vyao. Walinisikia nikiguna "ee Mungu wangu" wakageuka kwa pamoja: "Mama, unatoka wapi?" Kuna tangawizi ndani ya birika kubwa, Bibi. Si kali kama yako.

Nilikaa na Mzee Leung upande mmoja na A-Lan katikati. Mzee alikuwa ameshika kikombe. Kisha akasema jambo, akiangalia hita, hakuniangalia mimi. A-Lan akamwomba arudie. Akarudia. Ndipo A-Lan akanitafsiria, taratibu:

"Anasema, alimuuliza yule bibi, huyo Mwafrika anakuambia nini kila siku? Bibi akamjibu, sijui. Lakini akija, nyumba yangu inakuwa na mtu."

Bibi.

Nikamuuliza A-Lan, A-Mui ni nini? Bibi alikuwa akiniita A-Mui, ni kwa sababu jina langu lilimshinda? A-Lan akasema hapana, ni mdogo wetu wa kike, ni binti wa nyumbani, ndivyo mtu mzima anavyomwita msichana wa kwake. Miaka yote ile. Ningekuwa na Kichina cha kutosha ningejua miaka yote ile.

Mzee Leung akatoa kitambaa mfukoni, akanipa. Kilinukia sabuni ile ile iliyokuwa ikidondokea nguo zako.

Siku zilizobaki za baridi nilizimalizia pale. A-Lan aliniomba niwaambie watu wa kwetu, maana tangazo la Kichina hawalisomi na la Kiingereza wengine linawapita. Nikarekodi sauti kwenye kundi letu la simu. Nikasema, ndugu zangu, ni Jesca wa masweta. Mkaa usiingie ndani, hata ukiwa mwekundu bila moshi. Ukioga na mtambo wa gesi, dirisha lisifungwe. Kichwa kikianza kuuma na miguu ikalegea, usilale, toka nje, mwite mtu. Mwenye nguo zilizolowa azibadili. Na ukumbi wa mtaa uko wazi, hapaulizwi kitu, njooni mtanikuta. Wengine walinijibu kwa vicheko: dada Jesca siku hizi ni bwana afya. Kijana mmoja wa Mwanza alinipigia pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kulala na jiko mlango ukiwa wazi kidogo ni sawa. Nikamwambia si sawa hata kidogo, litoe sasa hivi nikiwa nasikia. Nikasikia likikwaruza sakafu. Nikasikia na mwenzake akiuliza, kwani vipi? Walikuwa wawili mle ndani.

Mama mmoja wa Kahama alikuja kwa tangazo lile, mgeni kabisa wa mji, anakohoa, amevaa kandambili na vitenge viwili. Tulikaa naye tukazungumza Kiswahili hadi taya zikachoka. Alinisimulia wanawe wote. Kisha akapata tiketi yake akaondoka. Nilimsindikiza hadi kituo cha treni ya uwanja wa ndege, nikarudi peke yangu.

Sitakudanganya kwamba mambo yamebadilika sana. Baridi iliisha, ukumbi ukarudishiwa meza zake, watu wakarudi kila mmoja nyuma ya mlango wake. Wale Wakongo nawaona Dengfeng, tunasalimiana kwa kelele, tunaachana. Mzee Leung amerudi kuziba pua. Juzi tu alinigongea kwa ajili ya dagaa. Nikamfungulia, nikampa kibakuli aonje, akaonja amesimama hapo hapo, akatema, akasema neno ambalo nadhani ni baya, akapanda. Bakuli alikwenda nalo. Hajalirudisha. Jiko langu pia hajalirudisha, na silidai.

Jioni bado ni ndefu. Bado nina maneno mengi yasiyo na mtu wa kuyasikiliza bila kuyaelewa. Lakini nimeanza kwenda kwa A-Lan siku za Jumamosi, ananifundisha Kikantoni. Naanza na maneno ya nyumbani. Umeamkaje. Umeshakula. Kaa kidogo. Ulimi wangu ni mzito, na yeye anacheka kwa adabu. Nimemwambia anifundishe pia namna ya kumuuliza mtu: mama yako mmemweka wapi? Nikiweza kuisema vizuri nitampigia mwanao.

Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kuwa mpweke, Bibi, hilo halimo mikononi mwangu. Ninalokuahidi ni hili. Simu zikilia tena kwa ajili ya baridi, sitangoja mtu aje kuniita. Nitapanda kwanza ghorofa ya saba, nimgongee yule mzee mpaka afungue, atukane anavyotaka, tushuke pamoja. Nitagonga kwa vijana wa nyumba yako. Nitagonga kwa kila mtu mzima wa jengo hili ninayemjua na nisiyemjua. Akiniambia ana nyumba yake na blanketi lake, nitakaa kwenye ngazi yake nimsubiri. Sitaondoka kwa sababu ya heshima. Heshima ya namna hiyo sina tena.

Nimefika mwisho wa karatasi. Kwaheri, Bibi yangu, na ahsante. Kama huko uliko umekuta watu wamekaa pamoja na mlango uko wazi, usisimame nje ukasema una pako. Ingia. Vuta kiti ukae nao.

Mimi wako,
Jesca